Hija ya Siku Tano

Bari, 26 Februari 2023

Mwanangu Rusudan,

Barua hii ikukute mzima, wewe na Mama Mkubwa Guliko na kuku wake wote. Mimi huku sijambo. Ni goti tu linalonisumbua mvua ikikaribia, na Februari ya hapa mvua haina haya. Bi Addolorata ninayemtunza naye hajambo, anakula vizuri, ila siku hizi akili yake inatoka na kurudi kama paka.

Jumapili ulipoinua ile pasipoti mpya mbele ya simu, Guliko akapiga vigelegele na majirani wakajaa chumbani, mimi nilinyamaza. Ulidhani sijafurahi. Mwanangu, nilifurahi. Nilinyamaza kwa sababu nilianza kupanga palepale, na mipango haipangwi mbele ya nusu ya kijiji.

Sikiliza. Kuanzia leo jambo hili tuliandike kwa karatasi tu, kwa mkono wa Zaza wa gari la mizigo. Usiandike neno kwenye simu. Wanawake wetu wa huku wanasema pale mpakani wakikutilia shaka wanaiomba simu yako na kuisoma yote. Wakiona una mama hapa, mama aliyeingia kwa siku tisini za wageni akakaa miaka sita, watasema huyu naye amekuja kubaki. Watakurudisha wewe, kisha watanitafuta mimi. Na mtoto wa Bi Addolorata, Cosimo, ndiyo kwanza amepeleka faili langu kwa wakili. Wakili anasema nivumilie, mwakani huenda nikapata karatasi, niende nyumbani na kurudi kama mtu.

Kwa hiyo hutakuja kwa mama yako. Utakuja kuhiji kwa Mtakatifu Nikola. Sikukuu yake kwa kalenda yetu ni tarehe 22 Mei, na siku hizo ndege kutoka kwetu hujaa akina mama wenye mishumaa. Siku tano tu. Nataka nikuone kwa macho yangu kabla hujawa mke wa mtu. Sitaki kingine.

Mama yako,
Tsiala


Zestaponi, 15 Machi 2023

Mpendwa Mama,

Pokea salamu zetu sote. Guliko yu mzima, presha imeshuka tangu aache kutazama taarifa ya habari. Mimi sijambo. Nyuma ya nyumba miti ya plamu imeanza kuchanua, na Vazha amekwisha kutengeneza lango, sasa linafungwa bila kupigwa teke. Anakuamkia. Anasema mama mkwe anayemjua kwa sauti tu ni bora kuliko wote.

Nimeisoma barua yako mara tatu, nikaificha ndani ya mtungi wa mahindi. Nitafanya kama ulivyosema. Lakini Mama, na wewe nivumilie neno moja. Nilikuwa na miaka kumi na sita uliponiambia unakwenda siku kumi. Nilihesabu. Siku ya kumi na moja niliosha madirisha. Yaliyofuata unayajua mwenyewe, miaka miwili sikushika simu yako. Sikusuti, yamepita hayo. Nasema tu kwamba kuhusu kudanganya mpakani, mwalimu nimempata bingwa.

Sasa nifundishe. Wanauliza nini pale dirishani? Kiitaliano changu ni kile cha barua zako: mkate, mvua, dawa ya presha, Mungu akipenda. Na je, wanauliza kwa ukali?

Gauni liko kwa Lamara fundi. Amenipima mara mbili, akasema nimekonda, nikamwambia ni woga.

Mwanao,
Rusudan


Bari, 2 Aprili 2023

Rusudan wangu,

Nashukuru kusikia wote wazima. Hapa pia tunamshukuru Mungu. Kuhusu ulimi wako, umenichoma na nilistahili, basi. Tuendelee.

Maswali ni machache na wala si makali, ndiyo maana watu huanguka. Mtu anakuuliza kwa upole kama anayekuuliza njia. Umekuja kufanya nini? Sema kuhiji. Utalala wapi? Mwonyeshe karatasi ya masista walio jirani na kanisa, nimekuwekea kitanda kule kwa jina lako na masista hawaulizi. Utakaa siku ngapi? Siku tano, na tiketi ya kurudi uitoe mwenyewe kabla hajaiomba. Uwe na bima ya safari na fedha kidogo za kuonyesha, ziwe noti, maana kadi za kwetu huwa wanazigeuzageuza. Pasipoti yako mpya haina tatizo. Una ndugu huku? Huna. Hapo usimeze mate.

Ukishagongewa muhuri kuna meza ya forodha. Hiyo ndiyo ninayoiogopa, kwa sababu namjua dada yangu. Mwambie Guliko polepole na kwa kurudiarudia: nyama hairuhusiwi, maziwa hayaruhusiwi, jibini hairuhusiwi hata kipande cha kumlisha panya. Zaza mwenyewe habebi jibini tena tangu walipomfungulia gari zima kule mpakani Ugiriki. Matunda nayo yanataka cheti cha daktari wa mimea. Yanayopita bila cheti ni nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani, nimesoma kwa macho yangu kwenye bango. Basi kama Guliko ana mnazi nyuma ya banda la kuku, atume nazi.

Nikuambie jambo, usinicheke. Alhamisi ni siku yangu ya kupumzika. Nilichukua sanduku tupu la Bi Addolorata, nikapanda treni mpaka uwanja wa ndege, kisha nikarudi nalo kama mtu aliyefika sasa hivi. Nilitaka nijue utakavyoona. Nimetoka stesheni nikashika barabara pana yenye maduka, nikaingia mji wa zamani kwa upande wa ngome. Kina mama wa mtaa walikuwa wamekaa vibarazani wakikata zile tambi zenye umbo la masikio, mmoja akanisalimu kwa jina, na kwa muda sikuitika, kwa sababu sikuwa mimi, nilikuwa wewe. Nuru ilikuwa ya njano, bahari ikisikika lakini haionekani. Nikasimama mbele ya mlango wetu nikaugonga, mlango wa nyumba ninayokaa mwenyewe. Bi Addolorata akauliza ndani, nani? Nikasema Rusudan. Akasema, ingia mwanangu, mama yako ametoka.

Nikaingia nikakaa nikalia, kisha nikapika.

Mama yako,
Tsiala


Zestaponi, 30 Aprili 2023

Mama,

Kristo amefufuka! Pasaka imepita salama, tumegonganisha mayai, yote yamepasuka isipokuwa la Guliko, ndilo lililoshinda, na mpaka leo hajaacha kutaja. Afya zetu njema. Wewe goti lako vipi?

Safari ni Jumamosi tarehe 20 Mei. Tiketi ninazo zote mbili, ya kwenda na ya kurudi. Kila jioni Vazha anakaa nyuma ya meza na miwani ya Guliko puani, ananihoji. Ana ukali huyo! Jana aliniuliza kwa nini nataka kuolewa na fundi umeme wa Zestaponi wakati Ulaya imejaa wanaume. Nilimjibu kwamba bima yangu haikatazi. Akanigongea muhuri kwa kijiko.

Lakini Guliko, Mama. Nimemsomea maneno yako polepole na kwa kurudiarudia. Anatikisa kichwa. Anasema hajawahi kuona mtu wa ukoo huu akivuka hata mto tu kwenda kwa ndugu bila kitu mkononi, sembuse bahari. Nikamwambia hija hii ni ya uongo, mgeni wa kweli wa Italia habebi chakula, anajulikana kwa sanduku jepesi. Akasema, mkono mtupu haulambwi, na dada yangu hajala jibini yetu miaka sita, sasa wewe utamwangalia machoni na kumpa nini, mshumaa? Tumebishana wiki nzima. Mwisho tumekubaliana nibebe churchkhela mbili, maana ni njugu za jozi zilizotungwa uzini na kuchovywa katika maji mazito ya zabibu tu, na hiyo hata mtalii huinunua.

Gauni limekwisha. Limening'inia mlangoni mwa kabati, limefunikwa na shuka. Mikono ni mirefu, ya lesi, mgongoni vifungo ishirini na viwili. Lamara aliniuliza nani atavifunga siku ile, kwa desturi ni mama. Nikamwambia Guliko atavifunga. Halafu nikatoka nje, nikasimama karibu na lango mpaka macho yakakauka.

Mwanao,
Rusudan


Bari, 10 Mei 2023

Rusudan wangu,

Hii ni fupi, Zaza anaondoka leo. Sote wazima.

Bi Addolorata sasa ana hakika kwamba umekwisha kufika. Asubuhi huweka vikombe vitatu. Jana nilimkuta na kitana mkononi, nywele zake zimechanwa vizuri, nikamuuliza nani amekuchana, akasema binti yako, ana mikono baridi lakini ana subira. Nimeacha kumbishia. Usiku nikilala nakusikia ukitembea bafuni, naona aibu kusema, lakini nakusikia unafunga bomba.

Nitakuwa pale mlangoni wanapotokea wasafiri, nyuma ya nguzo ya pili. Usinikimbilie. Unipite kama mtu usiyemjua, utoke nje, upande treni. Mimi nitapanda behewa lilelile. Mbele ya duka la dawa la mtaa wetu ndipo nitakapokushika mkono.

Mama yako


Bari, 21 Mei 2023

Rusudan,

Simu yako imezimwa. Guliko analia tu, haniambii kitu cha kueleweka. Najua umefika nyumbani kwa sababu Vazha alishika simu akasema yupo, amelala, kisha akasema samahani akakata.

Nilikuwepo. Nataka ujue kwamba nilikuwepo. Jana nilisimama nyuma ya ile nguzo tangu saa tatu asubuhi. Mlango ule ni wa kioo kisichoonyesha, ukifunguka mtu anatoka na unaona ndani kidogo, kisha unafungwa. Wametoka akina mama wa mishumaa, padri mmoja, watoto wawili wamelala mabegani. Mlango ukafunguka tena nikaona meza, na nyuma ya meza mwanamke mwenye sare ameinua gauni jeupe juu kwa mikono miwili. Ukafungwa. Ukafunguka, gauni lile bado liko juu, analizungusha kwenye taa. Niliona mikono ya lesi. Sikukuona wewe. Mara ya tatu nilikuona. Ulikuwa umegeuka unatazama upande wangu. Nywele umekata, hukuniambia.

Nilikaa mpaka walipofagia. Niandikie. Lolote lile, niandikie.

Mama yako,
Tsiala


Bari, 11 Juni 2023

Rusudan mama,

Zaza amekuja akaniletea unga wa mahindi na soksi. Barua hakuna. Nimemhoji kama yule afisa, akaapa kwamba hukumpa kitu, ulimfungulia lango ukampokea mizigo ukarudi ndani.

Kama ni kwamba umenikasirikia, niambie, nimezoea. Kama ni aibu, aibu ya nini? Mpango ulikuwa wangu. Bi Addolorata bado anaweka vikombe vitatu, mimi ninakunywa viwili.

Mama yako


Zestaponi, 2 Julai 2023

Mpendwa Mama,

Nakusalimu na naomba unisamehe kwa ukimya. Mwili wangu mzima, moyo ndio haukuwa mzima. Nimeanza barua hii mara tano. Nitakueleza kama ilivyokuwa, usiniambie nimekosea mpaka umalize.

Gauni nililiweka mimi. Guliko hana hatia kwa hilo. Nilifikiri, tukifunga mlango, nitalivaa utaniona, na wewe utafunga vile vifungo mara moja, basi, hata kama si siku yenyewe. Siku tano zingetutosha sana kwa vifungo ishirini na viwili. Lakini asubuhi ya safari nilipokuwa naoga, Guliko alifungua sanduku akaona nafasi safi kabisa ya kuficha. Alisokomeza mabonge mawili ya jibini ndani ya mikono ya gauni, moja kushoto moja kulia, kisha akalikunja vizuri kuliko nilivyolikunja mimi.

Dirishani nilipita. Mama, nilipita! Hija, masista, siku tano, tiketi nikaitoa mwenyewe. Sikumeza mate. Aligonga muhuri akanitakia sikukuu njema. Nikatembea kuelekea mlango wa kioo nikiwa nakanyaga hewa tu.

Yule mwanamke wa forodha hakuwa mbaya. Alinusa, akatabasamu, akaomba nifungue. Jibini aliitoa akaitia kwenye pipa, akanieleza kwa ishara kwamba haitozwi faini, watu wenu wote mnafanya hivi. Kisha akainua gauni kuangalia kama kuna bonge la tatu. Alipoliona limeshuka lote mpaka chini, akaacha kutabasamu, akamwita yule wa dirishani.

Akaja. Akauliza kwa upole, kama ulivyosema, kwa Kiingereza chepesi cha shuleni. Hija na gauni la harusi? Nikasema naolewa kwetu, Oktoba. Akasema, sasa kwa nini umelibeba mpaka hapa? Swali hilo Vazha hakunifundisha. Akauliza, unaolewa hapa? Hapana. Umekuja kubaki? Hapana. Akalitazama gauni muda mrefu, akasema, msichana hubeba gauni lake kwenda kumwonyesha mtu. Mama yako yuko wapi?

Hapo mlango ukafunguka. Ulikuwa nyuma ya nguzo na lile koti la kahawia, umefunika mdomo. Umezeeka kidogo, Mama. Ulikuwa karibu kama kutoka jikoni kwetu mpaka kisimani. Kama ningekuonyesha kwa kidole labda wangenielewa, na wewe wangekushika. Nikasema, "Sina mama. Alikufa."

Akasema pole. Alisema kwa dhati, hilo ndilo lililoniumiza. Lakini hakuniamini, na muhuri alioupiga akaufuta kwa muhuri mwingine. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia hatua kumi kutoka kwako. Nimerudishwa kwa ndege ileile, kiti kilekile.

Tangu siku ile nakwenda kanisani kila asubuhi. Nakuwashia mshumaa upande wa walio hai. Nawasha mitatu kwa mara moja, ili pasiwe na makosa.

Nisamehe.

Mwanao,
Rusudan


Bari, 23 Julai 2023

Binti yangu,

Sisi wazima. Joto limetuweka ndani mchana kutwa, Bi Addolorata anaoga mara tatu.

Umeniua vizuri. Wako wanaowaua mama zao bila sababu yoyote, wewe ulikuwa na sababu nzuri. Nilicheka kwanza, nakuapia, hasa ile habari ya jibini mikononi. Mwambie Guliko kwamba huku lile pipa la forodha sasa lina bahati kuliko mimi. Kisha nikaacha kucheka, na nina deni la kukuambia ukweli mmoja, maana naona umeubeba uongo wako kama mzigo wa peke yako.

Mwaka ule wa 2017 nilisimama kwenye dirisha lilelile. Nilikuwa sina hoteli ya maana wala fedha za maana, na yule bwana hakunipenda. Akaniuliza, nitajuaje kwamba utarudi? Nikafungua pochi nikatoa picha yako, ile ya shati la shule. Nikasema, "Huyu ni binti yangu. Nani anamwacha mtoto kama huyu? Nitarudi baada ya siku kumi." Akaitazama, akanipitisha. Na wakati nasema vile nilikuwa najua tayari kwamba sitarudi, kazi ilikuwa imekwisha kunisubiri. Rusudan, nilikuweka rehani pale dirishani. Wewe umesema nimekufa ili nisishikwe. Mimi nilisema nakupenda ili nipite. Pima mwenyewe ni uongo upi mbaya zaidi.

Sikuwahi kumwambia mtu. Sasa umejua, na kama utanyamaza tena miaka miwili nitaelewa.

Mama yako,
Tsiala


Zestaponi, 12 Agosti 2023

Mama,

Salamu kutoka kwetu sote, Guliko ameanza kukoroga mchuzi wa plamu, nyumba nzima inanuka siki na vitunguu saumu.

Sitanyamaza. Nilikasirika siku mbili, siku ya tatu nilikwenda kuitafuta ile picha ya shati la shule, nikakumbuka uliichukua wewe. Nilikuwa na sura ya mtu wa kuaminika, sivyo? Hata mimi ningekupitisha.

Sasa nisikilize mimi kwa zamu yangu. Zaza anasema umeuliza bei ya siti Oktoba. Mama, usithubutu. Ukitoka sasa watakugongea marufuku ya miaka, na faili la wakili litakuwa karatasi ya kuwashia jiko. Umengoja miaka sita, umebakiza huenda mwaka mmoja. Harusi ni siku moja tu. Nimezungumza na Vazha, tuko tayari kuisogeza mpaka karatasi zako zitoke, au tuifunge hivihivi na nitakuonyesha kila kitu kwenye simu. Nataka uje siku moja kwa mlango wa mbele, na pasipoti mkononi, urudi utakapotaka. Kama ukija kwa ajili yangu ukapoteza yote, nitalivaaje gauni lile?

Usije. Nakuomba kama mtu mzima anavyomwomba mtu mzima.

Mwanao,
Rusudan


Zestaponi, 24 Septemba 2023

Mama,

Tunakusalimu, sote wazima. Zaza amekuja mara mbili bila barua yako. Jumapili unashika simu, unamwuliza Guliko kuhusu mvua na zabibu, mimi unaniuliza kama nimekula. Nimekula. Umekubali au hukukubali? Harusi tumeiacha palepale, Jumamosi tarehe 14, kwa sababu padri hana siku nyingine. Kwaya imelipwa. Vazha amenunua viatu vinavyombana na hataki kukiri.

Niandikie neno moja tu kwamba umetulia hapo ulipo, nami nitatulia.

Rusudan


Uwanja wa ndege, Bari, 12 Oktoba 2023, saa tano asubuhi

Rusudan mama,

Barua hii sitampa Zaza, nitakupa mwenyewe, leo hii, kwa mkono. Nimeiandika kwa sababu wewe na mimi tumekwisha kuharibika, mambo ya maana hatuwezi tena kuyasema kwa mdomo, na kwetu leo kuna watu arobaini ukumbini wanamenya vitunguu.

Nimesoma kila ulichoandika. Una haki kwa yote. Cosimo pia alisema hivyo, wakili alisema hivyo, alinichorea kabisa kwenye karatasi: huku umekaa, huku umeondoka. Nilimshukuru. Bi Addolorata nimemwachia Marekhi, mwanamke wa Samtredia, mtaratibu, anajua kuchana nywele. Asubuhi nilipomuaga alinishika uso akanitazama sana, akaniita kwa jina langu. Mwezi mzima hakuwa amelikumbuka.

Sikukujibu kwa sababu ningekujibu ungenishinda. Una maneno mazuri kuliko yangu. Mwakani huenda, anasema wakili. Nimekaa miaka sita ndani ya hilo huenda, Rusudan, nalijua kila pembe yake. Ulisema harusi ni siku moja tu. Siku ya kumi na moja ile uliyoosha madirisha nayo ilikuwa siku moja.

Sasa nikueleze lililonifanya nikaomba karatasi kwa mwuza magazeti. Nilifika kwenye dirisha la wanaotoka. Ni yuleyule aliyenipitisha mwaka 2017, nina hakika, mrefu, ana upara mdogo kisogoni, anaongea kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Alitafuta muhuri wa kuingia, akahesabu, akahesabu tena. Akaniambia nimepita siku zangu kwa miaka sita, kwamba nikitoka leo sitaingia tena miaka mitano, na je, nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Akauliza kwa nini naondoka leo, kwa hiari yangu, wakati hakuna aliyenitafuta.

Nilikuwa nimejiandaa kusema nimechoka. Badala yake goti liliacha kuuma na mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamwambia, "Mwezi wa tano alikuja hapa msichana mwenye gauni jeupe. Mlimuuliza mama yake yuko wapi. Ni mimi. Yule ni mwanangu, na mimi sijafa. Andika."

Alinitazama. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu. Akasema anamkumbuka. Halafu akachukua kalamu, Rusudan, akaandika kweli, sijui ni wapi wala ni kwa ajili ya nani, aliniuliza jina lako linaandikwaje nikamtajia herufi moja moja. Kisha akagonga ile marufuku polepole, akanirudishia pasipoti.

Wanatuita kupanda. Natua Kutaisi saa kumi na moja jioni, Zaza atanipokea, usimgombeze, nilimwapisha asikuambie. Nimepunguza kucha ili zisikwaruze lesi.

Mama yako,
Tsiala